Gari Lililopona Jumatano

"Mama Évode, hivi hilo gari lenu asubuhi linasaga mahindi?"

Aliyeuliza ni Raihana, mshonaji wa nyumba ya pili hapa Gikondo. Kichwa chake tu kilionekana juu ya ukuta wa matofali, na mdomoni alikuwa na pini. Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu aliyeamshwa. Pudentienne alikuwa amesimama uani na rozari yake, amekwisha kujitanda mtandio wa misa, akimsubiri mwanawe Évode atoe gari.

"Linakohoa kidogo," alisema. "Ni baridi."

"Baridi gani? Mimi nimelala dirisha wazi."

"Baridi ya magari siyo ya watu."

Raihana alitoa pini mdomoni ili acheke vizuri, akashuka kwenye kile kiti alichopandia, akarudi kwenye cherehani yake. Pudentienne alipanda gari akiwa amekunja uso. Alijua kwamba jirani amesema kweli. Kila asubuhi Évode alipowasha injini ilitoka sauti ya debe la misumari linalotikiswa, kra-kra-kra, mbele kabisa chini ya boneti, kisha ikafifia na kunyamaza kana kwamba imeona haya. Siku nzima hukuisikia tena, na kesho yake alfajiri ilirudi.

Gari lenyewe lilikuwa la dizeli, refu, jeusi, la Kijerumani, na lilikuwa na umri mkubwa kuliko maharusi wengi liliowabeba. Marehemu Munyaneza ndiye aliyeliacha. Jumamosi Évode alilifunga riboni nyeupe akaliendesha mbele ya misafara ya harusi, na Jumapili lilimpeleka mama yake parokiani. Katika kikundi chetu cha maombi lilijulikana kama Gari la Baba. Sote tulikuwa tumewahi kulipanda, wengine tukienda kuzika, wengine tukienda kuoza mabinti. Kwa hiyo tulijiona tunalijua vizuri, na hapo ndipo ujinga wetu ulipoanzia.

*

Gereji ya Usumani iko chini, karibu na maghala. Kufika huko gari liliteremka, likasubiri kwenye taa, likapanda kidogo, likaingia likiwa na joto la kutosha kupasha uji. Usumani alifungua boneti, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho kama padri anayesikiliza maungamo.

"Mama, sisikii kitu. Iko safi kabisa."

"Sikiliza vizuri. Asubuhi linasaga."

"Asubuhi siyo saa hizi."

"Yaani kama mtoto anayekohoa nyumbani, akimwona nesi ananyamaza," alisema Pudentienne kwa hasira. Kwake ilikuwa kana kwamba gari limemwaibisha makusudi.

"Basi uniachie. Lilale hapa, kesho niliamshe mwenyewe likiwa baridi. Nitajua mara moja."

Pudentienne alitazama gereji. Gari moja halikuwa na milango, jingine lilikuwa limeng'olewa uso wote, taa na kila kitu. Alilivuta begi lake kifuani.

"Gari la marehemu halilali nje."

"Unafikiri nitalivua nguo, mama?"

"Sijasema hivyo."

"Macho yamesema."

Kila mmoja alikuwa ameumia kwa upande wake. Évode, ambaye anapenda amani hasa ikiwa haimgharimu, alisema gari limeacha pia kupanda milima, na likipanda linatoa moshi mweusi hadi watu wa nyuma wanafunga vioo. Hapo Usumani alichangamka. Alilegeza bomba la hewa, akamulika ndani kwa simu, akapiga mluzi.

"Njoo uone mwenyewe."

Pudentienne aliinama. Njia ambayo injini inapitishia pumzi yake ilikuwa imejaa masizi mazito, yenye mafuta, kama sehemu ya chini ya sufuria ya kuni ambayo haijawahi kusuguliwa. Katikati pamebaki kitundu ambacho kidole cha mwanamke kingepita kwa shida.

"Hili gari linafanya kazi gani?" aliuliza Usumani.

"Harusi," alisema Évode.

"Na pale kwenye sherehe, wazee wanapoombana mchumba, unalizima?"

Évode alitazama viatu vyake. Hakuwa akilizima. Wasemaji wa pande mbili huanza kutaniana, huyu anakataa kumtoa binti, yule anahesabu mababu, huyu anadai hawajuani kabisa, na jua linasogea. Évode alikaa nje injini ikinguruma taratibu, ili bibi harusi akitoka asikute gari limelala. Na sababu ya pili, ambayo hakumwambia mtu, ni kwamba hakuwa na uhakika litawaka tena.

"Sha! Haya yote ni hotuba," Usumani alicheka, akachota masizi kwa kidole. "Hii ya upande wa bwana, hii ya upande wa bibi. Injini ya dizeli inataka kukimbia, iunguze uchafu wake. Nyinyi mnaichemsha polepole kama maharage. Na oili mnabadilisha lini?"

Hapo Pudentienne alijivuna. "Halijawahi kukosa oili. Kila Jumapili nachomoa kijiti mimi mwenyewe. Ikipungua naongeza."

"Nimeuliza kubadilisha."

"Kwa nini nimwage oili ambayo bado ni nzito?"

Usumani alimtazama Évode. Kisha akasema polepole kwamba gari linaweza kuwa na magonjwa mawili, na yanafanana. Masizi yanakata pumzi na kuleta moshi. Lakini ndani kuna cheni, inayofanya sehemu ya juu ya injini izunguke sawa na ya chini. Oili chafu ikiila cheni, inarefuka, inalegea, sehemu ya juu inachelewa, na hapo pia pumzi inakata na moshi unakuja.

"Sasa nitatoa masizi kwanza. Likipona lote, ilikuwa masizi. Likipanda milima lakini asubuhi bado linasaga, ni cheni. Na cheni ikiruka siku moja uko barabarani, mama, injini yote inajivunja yenyewe ndani."

"Cheni mpya ni kazi kubwa?"

"Kubwa kuliko gari lenyewe, nakwambia ukweli."

Alisugua siku nzima. Jioni gari lilipanda kuelekea Rebero kama kijana, moshi haukuonekana, na Pudentienne alimshukuru Mungu peke yake, ingawa Usumani naye alistahili kutajwa kidogo. Kesho yake alfajiri Évode alipogeuza ufunguo, kra-kra-kra. Hawakutazamana. Kanuni walipewa na waliielewa. Lakini kuielewa kanuni ni kitu kimoja, na Pudentienne alikuwa na daktari mwingine.

*

Jumatano tulikuwa kwake. Kikundi kina wanawake wa Gikondo na wengine wanaotoka mbali, hata Masaka. Kwa kuwa habari ya gari ilishatangulia, tulikuja wengi kuliko viti. Dada Claudette, kiongozi wetu, alimtuma Évode parokiani akalete viti vya plastiki. Évode alienda, akapakia, akarudi, akaegesha uani. Sisi tulikuwa ndani tunaimba. Hakuna aliyefikiri juu ya viti ila kuvikalia.

Baada ya sala Claudette alitutoa nje. Tulizunguka gari. Akainua mkono wake wa kulia, akaweka kiganja kwenye boneti, akakitoa haraka.

"Yezu! Kuna moto!"

Tukasogea. Kila mmoja aligusa, kila mmoja akatoa mkono. Ilikuwa kweli kuna moto. Mzee mmoja angekuwepo, au mtoto wa shule, angetuambia kwamba injini inayotoka parokiani ina moto. Lakini tulikuwa wenyewe, tumefunga tangu asubuhi, na moto unaomjia mtu aliyefunga una maana. Claudette aliagiza boneti ifunguliwe, akanyunyiza maji ya baraka. Maji yaligusa chuma, yakafanya fsss, mvuke ukapanda hadi kwenye pua zetu. Nyiramana wa Masaka, tunayemwita Mama Uwase, alipiga magoti palepale kwenye changarawe.

"Évode mwanangu," alisema Claudette, "washa."

Évode alikaa kwenye usukani. Alitutazama kupitia kioo kama mtu anayetaka kusema jambo. Kisha aligeuza ufunguo.

Injini iliwaka laini. Hata punje haikusagwa.

Vigelegele tulivyopiga viliwatoa watu wa ng'ambo ya barabara. Raihana alitokeza juu ya ukuta akauliza nani amezaa. Pudentienne alilia, akamkumbatia Claudette, akaikumbatia boneti pia, akaungua kidogo mkononi, akaiita alama.

Jumapili baada ya misa alisimama ukumbini kutoa ushuhuda. Kwa kawaida ni mtu wa maneno machache, kanisani hukaa nyuma na kuangalia. Siku hiyo alisema kama maji. Alisema fundi alishindwa, na hilo halikuwa kweli. Alisema alisikia kwa masikio yake mnyororo ukikazwa na mkono usioonekana, na hilo pia aliliongeza palepale akiwa amesimama. Claudette alirekodi kwa simu, akatuma kwenye kundi letu la WhatsApp, kutoka hapo ushuhuda ukaenda parokia nyingine. Usumani naye, ambaye husali Ijumaa na hakuwepo, aliposikia gari limenyamaza alianza kuwaambia wateja kwamba masizi aliyotoa ndiyo yaliyokuwa yanasaga. Kila mtu alipata kipande chake cha muujiza.

Watu walipotoka, Nyiramana alimshika Pudentienne mkono. Mumewe, Nzeyimana, anaumwa nyonga na hawezi kukaa kwenye pikipiki. Kumpeleka hospitali kutoka Masaka ni kuomba lifti kwa watu, kusubiri, kusemwa. Mwanae Valens ana leseni lakini hana gari.

"Mama Évode, hilo lako sasa halina ugonjwa," alisema. "Niuzie mimi. Gari ambalo Mungu amelitengeneza mwenyewe, nani atalipita?"

Pudentienne hakuwa amefikiria kuuza. Lakini Évode, aliyesimama nyuma yao, alikuwa amefikiria siku nyingi, na alijibu kabla mama yake hajavuta pumzi.

"Tunauza."

*

Tangu Jumatano ile Pudentienne alikuwa ameamua kwenda misa kwa miguu kila alfajiri, kumshukuru Mungu. Évode alimsifu kwa uamuzi huo. Kila asubuhi alisubiri mama yake atoke, akafungua geti, akalegeza breki, akaliacha gari literemke kimya hadi barabara ya chini. Huko aliliwasha. Lilisaga, likanyamaza, akarudi nalo juu, akanunua maandazi njiani ili awe na sababu. Hajawahi kununua maandazi mengi hivyo maishani mwake.

Ijumaa misa ilifupishwa kwa sababu padri alikuwa na safari. Pudentienne alirudi mapema, akapita njia ya chini, na kwenye kona ya duka la saruji alilikuta Gari la Baba limeegeshwa. Mwanawe alikuwa ndani. Kabla hajamwita aligeuza ufunguo.

Kra-kra-kra.

Pudentienne alisimama hadi sauti ikaisha. Kisha alifungua mlango wa abiria, akaketi, akaweka rozari mapajani.

"Tangu lini?"

Évode alizima injini. "Halijawahi kuacha, Mama."

"Jumatano?"

"Jumatano lilikuwa limetoka kubeba viti. Lilikuwa la moto. Likiwa la moto halisagi, unajua. Usumani alikwambia."

"Na ukatuacha tukapiga vigelegele."

"Ningesemaje? Dada Claudette alikuwa analia. Nyiramana yuko chini anabusu changarawe. Nitoe kichwa dirishani niseme, samahani akina mama, ni viti?"

Pudentienne, kwa aibu yake yote, nusura acheke. Alijiona amekumbatia boneti.

"Na hii ya kuteremka kimya? Hii nayo ni viti?"

"Nataka pikipiki yangu, Mama. Nimechoka kuwa mtu wa riboni. Kila mwezi naogopa litazimika na bibi harusi ndani. Hili gari litatufia, bora life kwa mtu mwingine."

"Kwa Nyiramana."

"Kwa mtu yeyote."

"Aliyejitokeza ni Nyiramana."

"Ameshauza ng'ombe wake, jana sokoni. Valens amenipigia." Sauti yake ilishuka, ikawa ya kubembeleza. "Kwa hiyo hata ukisema, ng'ombe harudi. Na wewe hujasema uongo. Ulisema ulichosikia. Nyamaza tu. Kunyamaza siyo dhambi, wewe mwenyewe unanyamaza kila siku."

Maneno yale yalimwingia vizuri kuliko alivyotaka. Njiani kupanda juu alijaribu kuyavaa, kama nguo ya mtu mwingine, aone kama yatamkaa. Nyiramana hajui magari. Cheni inaweza kukaa mwaka. Inaweza kukaa hata miaka, Mungu akipenda. Aligundua kwamba anamwomba Mungu amsaidie kumdanganya rafiki yake, tena kwa rozari hiyohiyo, na alikuwa amefika katikati ya fumbo la pili bila kuona kasoro.

*

Alianza kwa Claudette, kwa kuwa aliona aibu ni nyepesi ikipitia kwa kiongozi. Claudette alimsikiliza akiwa anachambua mchele.

"Hilo ni jaribu," alisema.

"Ni cheni, dada."

"Adui akiona muujiza anarudisha sauti. Umeponywa, ukatia shaka, sauti ikarudi."

"Haijarudi. Haikwenda."

Claudette aliweka ungo chini. "Pudentienne, ushuhuda wako umeshafika mbali. Mtu wa Kimihurura, mwenye gari lake zuri, amenipigia, anataka tumwombee gia. Sasa niandike nini kwenye kundi? Kwamba tulinyunyiza maji ya baraka kwenye joto la viti?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Najua ndivyo ilivyokuwa!" alisema Claudette. Neno hilo lilikuwa limemtoroka. Alirudi kwenye mchele wake. "Mwambie Nyiramana peke yake. Polepole. Usitutaje."

Pudentienne alipiga simu. Alisema gari bado linaumwa, asilete fedha. Upande wa pili walisikika kuku, kisha Nyiramana.

"Umepata mnunuzi mwingine."

"Mama Uwase, naapa, hakuna."

"Mbona usiseme tu? Jumatano ile Mungu ameponya, jana nimeuza ng'ombe, leo ghafla linaumwa."

"Nakuambia kwa faida yako."

"Faida yangu naijua. Ni yule wa Kimihurura, nimeona kwenye kundi anauliza mambo ya magari. Mimi wa Masaka nanuka mbolea, siyo?"

"Mama Uwase..."

"Kesho nakuja na Valens. Neno ni neno."

Simu ilikatwa. Pudentienne alibaki ameishika. Alikuwa amejiandaa kutukanwa kwa uongo wake, na hakuwa amejiandaa kabisa kutukanwa kwa kusema kweli.

*

Jumamosi hiyo hakukuwa na umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, wala harusi. Ufunguo ulikuwa umelala chini ya mto wa Pudentienne. Asubuhi Usumani alifika na sanduku la spana, amenuna, kwa kuwa na yeye alikuwa na kipande chake cha muujiza cha kupoteza. Claudette alikuja bila kuitwa. Sisi wengine watatu wanne tulikuja kwa sababu tulikuwa na macho. Raihana alikuwa juu ya kiti chake tangu mapema.

Nyiramana aliingia mwisho na Valens, amevaa nguo zake nzuri, bahasha imefungwa ndani ya kitenge kiunoni. Alitusalimia wote isipokuwa mwenye nyumba.

"Gusa boneti," Pudentienne alimwambia.

Nyiramana aligusa. Ilikuwa baridi, ina umande.

"Évode, washa."

Kra-kra-kra. Hakuna aliyepiga kigelegele. Kuku wa Raihana walikimbilia ukutani. Sauti ilipofifia, Nyiramana alikunja mikono.

"Mmelegeza kitu," alisema. "Usumani yuko hapa na spana zake tangu asubuhi. Mtu akitaka kumfukuza mnunuzi anafanyaje? Analegeza."

"Mimi?" Usumani alijigonga kifua. "Mama, mimi nimetangaza kwa watu gari hili nimeliponya! Leo najivua nguo mbele yenu kwa hiari?"

"Lifunguliwe," alisema Pudentienne.

"Mama," Évode alisema kwa sauti ndogo, "imetosha."

"Lifunguliwe, nimesema."

Usumani alitoa kifuniko cha juu cha injini. Ndani palikuwa peusi, oili imeganda pembeni kama lami. Pudentienne aliona kwa macho yake zile Jumapili zote za kuongeza bila kumwaga. Usumani alishika spana kubwa, akaanza kuzungusha injini kwa mkono, taratibu, akieleza. Alama ya juu ikikutana na mfereji wake, alama ya chini, kwenye gurudumu lenye mistari kama ya rula, lazima isimame kwenye sifuri. Hivyo tu.

Alama ya juu ilikutana. Tukainama wote kutazama chini. Ilikuwa imeipita sifuri, mbali, hata sisi tusiojua kusoma rula tuliona.

"Labda tuombe," alisema Claudette, lakini bila nguvu.

"Rudia," alisema Nyiramana.

Usumani alizungusha tena, jasho likimtoka. Juu ikakutana, chini ikapita. Nyiramana alimsogeza pembeni. Alikunja mkono wa nguo yake nzuri, akapeleka kidole ndani, akaibonyeza cheni kati ya magurudumu mawili ya meno. Ilicheza. Aliibonyeza tena. Mtu aliyefunga mifugo maisha yake yote anajua kamba iliyokwisha kuvutika, ambayo huwezi kuikaza tena hata uifunge vipi. Tuliona uso wake ukielewa. Alichomoa kidole, cheusi hadi kwenye kiungo, akakitazama.

Valens alimnyooshea kitambaa. Hakukichukua.

"Mama Uwase," Pudentienne alianza. "Ulikuwa uongo wangu. Siyo wa mtoto wangu, siyo wa kikundi. Ule mkono usioonekana niliusema mimi, sikusikia kitu. Nilijua njia ya kupata ukweli ni kusubiri gari lipoe, na sikutaka kusubiri. Nitasimama Jumapili palepale niseme. Wacheke. Na ninyi mkiwa na safari ya hospitali, Évode atawapeleka kwa gari la kuazima, nitaliomba mimi kwa watu badala yako. Nitukane basi. Sema neno."

Évode aliinamisha kichwa kwenye usukani. Claudette alikuwa akifuta kioo cha gari kwa kanga yake, mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

Nyiramana alikiweka sawa kitenge chake kiunoni, pale ilipo bahasha, kwa mkono ule safi. Alipotazama juu hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilimwogopesha Pudentienne. Alikuwa mtu aliyechoka tu.

"Ng'ombe alikuwa na mimba," alisema.

Pudentienne alipitia sala zote anazozijua, na anazijua nyingi. Nyiramana alimngoja kidogo, kama mtu anayemngoja mwenzake kwa adabu. Kisha aligeuka, akapita kati yetu, sisi tukampisha, akatoka getini akielekea chini kwenye pikipiki.